Maji Yakishuka, Kolera Inaanza: Historia ya Mafuriko na Afya Kandokando ya Ziwa Tanganyika



Katika mkutano wetu mkubwa wa mwisho maneno yalikuwa mengi juu ya sanduku la msaada wa haraka. Wengine walisema sanduku hilo ni la kununua shitingi, sufuria na unga siku mafuriko yanapofika, si la kutengeneza robine na vyoo wakati jua linawaka. Mzee mmoja akasimama, akasema: "Mafuriko ni mambo ya Mungu, na hii yote imeanza juzi tu. Wakati wa baba zetu ziwa lilikuwa linakaa pahali pake." Watu wengi walipiga makofi. Kamati ikaniomba mimi, kwa sababu nilisoma afya ya jamii na kazi yangu ni ya kuzunguka vijijini, niandike kidogo juu ya jambo hilo ili tuzungumze tena tukiwa na habari mkononi. Nimeandika si kidogo. Mnivumilie.

Kwa heshima yote kwa mzee wetu, ziwa halijawahi kukaa pahali pake.

Tuanze mbali. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, ndio Lukuga, pale Kalemie, unaokwenda kuingia Lualaba. Mito inayoingiza maji ni mingi: Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, Malagarasi upande wa Tanzania, na vijito visivyohesabika vinavyoshuka kutoka milima yetu ya Mitumba. Lakini maji mengi ya ziwa, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi, hayapiti Lukuga. Yanapanda juu kwa jua, yanakuwa mvuke. Maana yake, mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, hakuna mlango mkubwa wa kuyatoa haraka. Ziwa linapanda polepole, na linashuka polepole.

Mwingereza Cameron alifika Lukuga mwaka 1874, na Stanley akafuata mwaka 1876. Wote wawili walikuta mlango wa mto umezibwa na mafunjo, matope na majani. Ziwa lilikuwa linapanda, maana halikuwa na njia. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja ule ukuta. Wazungu waliopita pale mwaka 1879, Hore na Thomson, walikuta Lukuga inakimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Kabla ya kupasuka, ziwa lilikuwa limefika zaidi ya mita 780 juu ya usawa wa bahari. Katika miaka kama kumi na tano iliyofuata likashuka karibu mita kumi. Mita kumi, jamani! Wale waliopita Kigoma wanajua Ujiji, pale penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871. Leo ukisimama pale unalitafuta ziwa kwa macho. Enzi zile maji yalikuwa karibu.

Sasa mtu anaweza kuniuliza: hiyo inatuhusu nini sisi wa Uvira na Fizi? Inatuhusu sana. Siku hizi ziwa linacheza kati ya mita 773 na 777 hivi. Kwa hiyo kila parseli ya kandokando ambayo haijapanda mita sita au saba juu ya maji ya leo ilikuwa ndani ya ziwa mwaka 1878. Ile ardhi tambarare, laini, nzuri kwa kulima na kwa kuanika ndagala, ni sakafu ya ziwa iliyoachwa wazi. Babu wa babu zetu walijua. Vijiji vingi vya zamani vilikuwa juu kwenye miteremko, na watu walishuka ufukoni kwa kuvua na kwa soko.

Mara ya pili ni miaka ya 1960. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa sana zilipiga Afrika ya Mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda, Tanganyika nalo likapanda, hadi likafika kilele mwaka 1964. Wazee wetu wachache waliobaki wanaukumbuka mwaka 1964, lakini ukiwauliza, wanakuambia habari za Mulele na Soumialot, maana ndio mwaka ule ule waasi walichukua Uvira, mwezi wa tano. Mtu aliyekimbia risasi kwenda mlimani hawezi kukumbuka vizuri kama maji yalifika mlangoni kwake. Kimbilio lilikuwa moja kwa yote mawili: juu.

Na hapa ndipo naona jibu la mzee wetu wa mkutanoni, kwa nini wazee wanayakumbuka mafuriko yale kama kitu chepesi. Mafuriko ya 1964 hayakuleta kolera. Hayakuweza kuileta, kwa sababu kolera hii tunayoijua haikuwa bado imefika Afrika.

Nifafanue. Kolera, au kipindupindu kama tulivyozoea kusema kule kambini Tanzania, ilikwisha kuja huku katika karne ya 19. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alitoa kitabu mwaka 1876 akifuata ugonjwa huo kwenye njia za misafara kuingia bara. Lakini kolera zile zilikuwa zinapita kama jeshi: zinaua, zinaondoka. Kolera ya sasa ni nyingine. Ilianzia Indonesia mwaka 1961, ikafika Afrika ya Magharibi mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaingia kwetu mashariki, kwenye ziwa hili. Hii haikuondoka. Ilijenga nyumba.

Mwaka 2008 daktari wa Kongo, Didier Bompangue, pamoja na wenzake walitoa uchunguzi juu ya kolera ya mashariki ya nchi yetu. Walitazama hesabu za wagonjwa kwa kila zone ya afya na wakaona kwamba zone zilizo kando ya maziwa ndizo ugonjwa unazing'ang'ania. Unatulia hapo, halafu unatoka hapo kwenda kwingine kwa barabara, kwa mtumbwi, kwa soko. Uvira, Kalemie, Goma: hayo ndiyo majina yanayorudi kila mara. Kwa hiyo mtu wa Kinshasa akisema kolera ni ugonjwa wa vita au wa umaskini tu, ana haki nusu. Maskini wako kila pahali katika Kongo. Kolera iko zaidi pahali ambapo mamia ya maelfu ya watu wanachota maji ya ziwa, na vyoo vyao vinarudi ziwani.

Goma, mwezi wa saba 1994, ilituonyesha inaweza kwenda mbali kiasi gani. Wakimbizi wa Rwanda, kati ya laki tano na laki nane, walifika kwa siku chache juu ya mawe ya volkeno. Hakuna choo kilichochimbika, na wengi walichota Ziwa Kivu. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Hapakuwa na mafuriko, ni kweli. Ninaitaja kwa sababu inafundisha ni nini kinachoua: watu wengi pahali pamoja, maji ya kuchota wazi, vyoo hakuna. Mafuriko yanaweza kutengeneza hali hiyo hiyo kwa usiku mmoja katika mji uliokuwa umetulia.

Sasa tuje kwetu sisi tuliorudi.

Wengi wetu tulikimbia mwaka 1996, wengine 1998. Tulivuka ziwa, tukaishi Nyarugusu, Lugufu, na kambi nyingine za Kigoma. Mimi nilikuwa mtoto. Maisha ya kambi yalikuwa magumu, sitaki kuyapamba, lakini maji yalikuwa ya robine, yana dawa, na foleni ya bidoni ilikuwa na utaratibu. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Tulishuka ufukoni tukiwa na furaha, na shitingi begani.

Tulikuta nini? Walioshika ardhi nzuri ni wale waliobaki au waliorudi mapema. Kesi za mashamba na parseli zilijaa kwa machifu na mahakamani, na nyingine hazijaisha hata leo. Mtu aliyerudi na watoto sita, bila pesa ya kesi, alipewa au aliuziwa pahali ambapo hakuna aliyekuwa anapataka: mdomo wa mto, bonde la mchanga, ukingo wa ziwa ambapo matete yamekatwa jana. Kwa kazi yangu nimeingia nyumba nyingi sana za hivyo, na nikiuliza "mlipapataje hapa?" jibu ni lile lile: "Hapa palikuwa bure." Bure kwa sababu. Ndiyo maana ninasema orodha ya waliogharikishwa na orodha ya waliorudi zinafanana sana, na wafadhili wetu wanaosoma hapa walijue hilo. Haikuwa bahati mbaya, ni historia ya ardhi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Uvira. Mvua ilipiga milimani, na Mulongwe ukatoka katika njia yake. Mnajua jinsi mji ule ulivyo: mlima huku, ziwa huku, na watu wamebanwa katikati kama samaki kwenye kikapu. Milima ile imekatwa miti kwa makala na mashamba, kwa hiyo mvua haikai juu hata kidogo. Inashuka na mawe na udongo wote. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu zilibomoka au zikajaa matope, watu zaidi ya 70,000 waliguswa kwa namna moja au nyingine. Daraja lilikwenda. Na kulikuwa na Covid: kesi ya kwanza nchini ilitangazwa tarehe 10 Machi, watu wanaambiwa wasisongamane, halafu ghafla familia tano zinalala katika darasa moja la shule.

Picha zilizotumwa duniani zilikuwa za nyumba na daraja. Kitu ambacho hakikupigwa picha nyingi ni mtambo wa maji wa Regideso. Mji wa Uvira ulikuwa unakunywa kutoka Mulongwe. Mto ule ule uliobomoa nyumba ndio uliokuwa unaingia kwenye mabomba, na mafuriko yaliuharibu mtambo vibaya. Robine zikakauka. Mama aliyekuwa anachota kwenye robine ya mtaa alichukua bidoni yake akaelekea pahali pekee palipobaki na maji, ziwani, ambapo matope ya vyoo vyote vya mji yalikuwa yameshuka usiku uliopita.

Juu ya jambo hili tuna hesabu, na ni hesabu ya Uvira yenyewe, si ya Bangladeshi wala ya Haiti. Kabla ya mafuriko hayo, mwaka 2015, mtafiti Aurélie Jeandron na wenzake walikuwa wamelinganisha vitu viwili kwa miaka mitano, kuanzia 2009 hadi 2014: maji ambayo Regideso inayasukuma kila siku, na wagonjwa wanaoingia kituo cha kolera. Walichoona ni hiki. Ikipita siku moja ambayo maji hayatoki kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera wanapanda hadi mara 2,5 na zaidi, ukilinganisha na siku maji yanatoka vizuri. Na katika wagonjwa wote wa miaka ile, karibu 23 kwa 100 walitokana na siku za maji haba. Katika siku zile sababu ilikuwa mara nyingi umeme kukatika au mitambo kuchoka, hakuna mafuriko yoyote. Siku moja tu! Sasa fikiri mji ambao mtambo wake umejaa mawe.

Ndiyo maana ninarudia kusema, na wenzangu wa tereni wamechoka kunisikia: maji ya mafuriko hayatengenezi kolera. Kolera iko hapa tayari, imelala tangu miaka ya 1970. Mafuriko yanakata robine, yanafumua choo, na yanawasukuma watu pamoja. Yanaifungulia mlango.

Tena ugonjwa hauji wote siku moja. Una ratiba yake, na ratiba hiyo ndiyo msaada mwingi unaikosa. Siku za kwanza ni majeraha, waliozama, wanawake wanaozaa barabarani kwa sababu kituo cha afya kimejaa maji. Kolera inaweza kuanza ndani ya siku chache, maana mtu aliyemeza vijidudu anaugua kati ya saa kadhaa na siku tano. Tifoidi inachelewa, wiki moja hadi tatu. Malaria inachelewa zaidi, na watu wanashindwa kuelewa kwa nini. Mafuriko makali kwanza yanasafisha mayai ya mbu, yanayabeba yote ziwani. Kisha maji yanashuka, yanaacha vidimbwi safi kila pahali: kwenye nyayo za ng'ombe, kwenye msingi wa nyumba iliyobomoka. Mbu anataga hapo, inachukua kama wiki mbili hadi aruke. Anahitaji kumuuma mgonjwa, na vijidudu vikomae ndani yake, siku kumi na zaidi. Halafu anamuuma mtoto, na mtoto anaanza homa baada ya siku saba au zaidi. Jumlisha: mwezi mmoja na nusu, miezi miwili. Wakati huo magari ya msaada yamekwisha rudi Bukavu, na mtoto amelala bila chandarua kwa sababu chandarua kilikwenda na maji.

Baada ya hapo inakuja njaa, kwa sababu mihogo iliyokaa ndani ya maji inaoza, na mtoto mwenye njaa akipata kuhara hana nguvu ya kupigana. Hapo watu wanasema "mtoto amerogwa." Hajarogwa. Amefuata ratiba.

Hayo ni mafuriko ya mto, ya usiku mmoja, yenye kishindo. Mwaka uliofuata, 2021, tuliona ya aina nyingine, na tukayaona tena vibaya zaidi mwaka 2024: ziwa lenyewe kupanda. Mwezi wa tano 2024 lilifika karibu mita 777, kimo ambacho halikufika tangu ile miaka ya 1960. Bandari ya Kalundu iliingiwa na maji, ya Bujumbura vilevile, na Gatumba kule Burundi, ambako Ruzizi ilikwisha fukuza watu mwaka 2020, pakateseka tena. Hakukuwa na kishindo. Mtu anaamka, maji yamesogea hatua mbili. Kesho hatua moja. Anahamisha kuku, kisha kitanda, kisha anahamia kwa shemeji.

Kwa afya, mafuriko haya ya kimya ninayaogopa kuliko yale ya kelele. Sababu ni choo. Sheria ya kazi yetu inasema chini ya shimo la choo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini, na choo kiwe mbali na kisima, mita 30. Ziwa likipanda, maji ya ardhini nayo yanapanda, hata mita mia kutoka ufukoni ambako mtu anaona kukavu. Choo kinajaa kutoka chini. Hakuna aliyekigusa, hakuna mvua, lakini asubuhi kimefika juu na kinamwaga. Kisima cha jirani ambacho mwaka jana kilikuwa kizuri kinakuwa sehemu ya choo hicho. Na kwa sababu hakuna aliyekufa kwa kuzama, hakuna tangazo la maafa, hakuna gari linalokuja. Mama mmoja alinijibu vizuri sana: "Maji inatuua polepole, ndiyo maana serikali haisikie."

Wako wanaosema dawa ya yote ni kufungua Lukuga, itobolewe zaidi ili ziwa lishuke. Historia ya 1878 inawapa haki kidogo: mlango ukiziba, ziwa linapanda. Lakini 1878 inaonyesha pia ilichukua miaka mingapi kushuka, na mvua ya 1961 ilipandisha ziwa ingawa Lukuga ilikuwa wazi. Hilo ni jambo la nchi nne, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Sanduku la chama chetu haliwezi kulingojea.

Tuna silaha gani basi? Chanjo ni mojawapo. Mwaka 2020 Uvira ilipata chanjo ya kunywa dhidi ya kolera, na baadaye Espoir Bwenge Malembaka na wenzake waliwafuata watu wa mji. Waliona kwamba hata aliyepata dozi moja tu alikuwa na kinga ya karibu nusu baada ya mwaka mmoja na zaidi. Ni habari njema, hasa kwa sababu mwezi wa Oktoba 2022 dunia ilikuwa imepungukiwa na chanjo hiyo na ikaamuliwa kutoa dozi moja badala ya mbili pale ugonjwa unapolipuka. Lakini nusu ni nusu. Na chanjo haitusaidii chochote kwa tifoidi, malaria na kuhara kwa aina nyingine.

Silaha ya pili ni ya kwetu kabisa, sisi watu wa kambi, hata kama hatujui. Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladeshi walijaa mpakani mwa India, mvua za msimu zinanyesha, kolera inaua, na serumu ya mshipani imekwisha. Daktari Dilip Mahalanabis, katika kambi ya Bongaon, aliamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe, na akawaonyesha ndugu zao jinsi ya kuwanywesha. Vifo vilishuka hadi chini ya 4 kwa 100, wakati bila matibabu hayo walikuwa wanakufa 20 hadi 30 kwa 100. Ile pakiti ya serumu ya kunywa mnayoipata kituoni ilipata sifa yake duniani kutoka mikononi mwa wakimbizi waliokuwa wanauguzana kwenye matope. Kila nyumba ya mwanachama ingefaa iwe na pakiti tano zake, na mtu mmoja anayejua kuikoroga: pakiti moja, lita moja ya maji safi, si nusu, si mbili.

Silaha ya tatu ndiyo iliyoleta kelele mkutanoni: maji safi yanayoendelea kutoka hata baada ya mafuriko, na choo kisichofumuka. Nitasema maoni yangu wazi, kamati itanikatalia ikitaka. Shitingi ni lazima, siwezi kumwambia mtu aliyelala nje asubiri. Lakini shitingi zinaletwa na wengi. Mashirika makubwa yanazo ghalani, zinafika, hata kama zinachelewa. Kitu ambacho hakiletwi na mtu ni bomba la milimita 63 lililopasuka mtaani siku tatu baada ya mafuriko, fundi wa kulifunga siku ile ile, na ndoo ya klori ya kutia katika bidoni pale ufukoni wakati robine bado kavu. Kiwango cha dharura duniani ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Familia ya watu saba ni lita 105, yaani bidoni tano na kidogo. Ukizidisha kwa mtaa mzima utaona kwa nini hakuna gari la tanki linaloweza kuchukua kazi ya robine kwa zaidi ya siku chache.

Juu ya vyoo: kandokando ya ziwa tuache kuchimba kwenda chini. Tujenge kwenda juu, choo cha kupandishwa kwa mawe na simenti, chenye ngazi tatu nne, kinachoweza kunyonywa au kumwagwa pahali pengine. Ni ghali kuliko shimo. Watu wanacheka kwamba kinafanana na kiti cha chifu. Wacheke.

Wafadhili wetu nao ninawaomba jambo moja la kalenda. Mradi wa dharura wa mafuriko mara nyingi unapewa miezi mitatu, na hesabu yake inafungwa wakati ule ule malaria inapofika kilele na watoto wanaanza kukonda. Tukipewa miezi sita kwa pesa ile ile, tutagawa polepole zaidi lakini tutawakuta wagonjwa.

Mvua za mwaka huu zimekwisha anza milimani. Kwa sasa chama kina robine nne za mitaa ambazo wanachama wenyewe wanazitunza. Mbili zinatoka vizuri, moja inahitaji kichwa kipya, na ile ya karibu na mto imeinama, msingi wake umekatwa na maji ya mwezi wa tano. Kamati itakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao kuamua pesa ya sanduku. Mwenye mawe au mchanga wa kutoa kwa ajili ya msingi wa ile ya nne aandikishe jina kwa katibu kabla ya siku hiyo, na vijana wenye toroli waje nayo.